Nyumba Huuzwa, Nyumbani Hakuuzwi

Msafiri apitaye katika miji ya Kenya hakosi kuyaona maandishi makubwa ya rangi nyekundu au nyeusi ukutani, langoni au juu ya kipande cha bati kilichopigiliwa mtini: SHAMBA HII HAIUZWI. Mwanafunzi wa Kiswahili huanza kwa kutabasamu. Anajua kwamba nomino shamba imo katika ngeli ya LI-YA, na kwamba ilipasa kuandikwa shamba hili haliuzwi. Hata hivyo, baada ya kuurekebisha upatanisho wa kisarufi, swali kubwa hubaki palepale. Ni soko la namna gani hili ambalo mwenye mali hulazimika kutangaza kwamba mali yake haimo sokoni? Mfugaji hamwandiki ng'ombe wake ubavuni kwamba hauzwi.

Tena kitenzi chenyewe kina siri. Haiuzwi ni kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Haiuzwi na nani? Huenda mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo, naye anachelea walaghai wasije wakaiuza kwa hati bandia. Huenda ni ndugu watatu wanaomzuia wa nne aliyekwisha kupokea pesa za watu. Huenda ni mjane anayewaambia mashemeji zake jambo ambalo hawezi kuwaambia ana kwa ana. Kauli ya kutendwa imewasitiri wote hao. Ukuta unasema, wenyewe wamenyamaza.

Mji mdogo wa kando ya ziwa ni mahali pafaapo kulitafutia swali hili jibu, na Homa Bay ni mfano mwafaka. Mji huu uko kusini mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, chini ya mlima Asego. Kwa miaka mingi uliishi kwa samaki, soko na ofisi za serikali. Mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi, ukawa makao makuu ya kaunti yenye jina lake. Watumishi wa serikali mpya walihitaji malazi, wafanyabiashara walihitaji maduka, na kila aliyekuwa na kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani takribani thumuni ya ekari, alianza kukitazama kwa jicho jingine. Miongoni mwa mitaa ya mji huo upo mmoja uitwao Shauri Yako. Hakika jina hilo lingefaa kupigwa chapa juu ya kila mkataba wa kununua nyumba.

Katika soko la namna hii mtu wa kwanza kukutana naye ni dalali, ambaye mitaani huitwa broka. Lugha yake ina msamiati wake maalumu. Kiwanja hakiko mbali, bali "ni hatua chache tu kutoka lami". Bei haiko juu, bali "ni ya maelewano". Mwenye nyumba hana shida, bali "anahama tu". Na sifa iliyo kuu kuliko zote ni kwamba "ukiketi barazani unaliona ziwa". Sifa hii ya mwisho inastahili kuchunguzwa. Mvuvi hujenga akiwakumbuka kiboko, mbu na mafuriko. Mnunuzi atokaye mbali hununua akiyakumbuka machweo. Kile ambacho mwenyeji hukihesabu kuwa hatari, dalali hukihesabu kuwa mandhari, kisha akakiongezea bei.

Hebu na atazamwe mwalimu mmoja mstaafu wa mji huo, mjane, ambaye mwaka wa 2023 aliamua kuiuza nyumba yake. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamekinunua kiwanja hicho zamani, wakajenga nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, jiko la nje na baraza inayotazama majini. Watoto walikulia humo, wakasoma, wakatawanyika. Mume alipofariki alizikwa Karachuonyo, kwenye boma alilolianzisha mwenyewe. Nyumba ya mjini ikabaki na Mwalimu, mwembe mmoja na vyumba viwili visivyolala mtu. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa Nairobi, alitaka iuzwe upesi, kila mmoja apate chake. Mwalimu naye alitaka iuzwe, ila alitaka kwanza ajue anauza nini.

Dalali alipoletwa kuikagua, alizunguka nyumba yote akisifu. Alipofika uani alinyamaza. Ukuta wa jiko la nje ulikuwa na mstari wa rangi ya tope, kimo cha goti, ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifura hadi likafika tena kimo ambacho halikuwa limekifika tangu 1964, nayo maji yakaingia katika mashamba, gati na nyumba za watu pande zote za ufuo. Mstari ule ulikuwa kumbukumbu ya mwezi huo. Dalali alitoa ushauri wake kwa sauti ya chini: ndoo moja ya rangi, na siku mbili za jua. Mwalimu alimwuliza ataipaka rangi ya namna gani miguu ya jirani zake, waliopita hapo wakiwa wamekunja suruali.

Siku chache baadaye alikuja mnunuzi, mwuguzi wa hospitali, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akipanga chumba kwa miaka mingi na sasa amepata ahadi ya mkopo kutoka kwa chama chake cha ushirika. Dalali alitaka kumpitisha barazani kwanza. Mwalimu alimzuia.

"Sista, kabla hujaniuliza bei, njoo huku nyuma."

Mwuguzi akautazama mstari, akainama, akaupima kwa mkono. "Mwalimu, mbona wanionyesha ubaya wa nyumba unayotaka kuiuza?"

"Nimefundisha watoto wa mji huu miaka thelathini. Nusu ya watu watakaokueleza habari za mstari huu ni wanafunzi wangu. Afadhali uusikie kwangu."

Jibu hilo halikuwa la utakatifu. Lilikuwa jibu la mtu anayejua kwamba katika mji mdogo muuzaji na mnunuzi hawaachani baada ya malipo. Watakutana sokoni, kanisani, hospitalini na katika matanga. Jijini mtu anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia asimwone tena aliyemwuzia; kando ya ziwa, mbuzi na mwenye gunia huendelea kupita mlangoni pako kila siku. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mauzo ya nyumba katika mji kama huu huenda ikafaa kuongeza kwamba kibaya kikitembezwa hadharani huweza pia kuuzwa, maadamu bei yake ni ya haki.

Bei ilipunguzwa, nao wakakubaliana kwa mdomo. Hata hivyo, tangu 2003 sheria ya mikataba ya Kenya haiyatambui mauzo ya ardhi ya mdomo matupu. Sharti mkataba uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe. Hapo ndipo safari ya karatasi ilipoanza. Mwuguzi alienda kupekua daftari la ardhi, jambo ambalo mitaani huitwa kufanya sachi. Jibu lilikuwa kwamba mwenye kiwanja, kwa mujibu wa daftari, bado ni mtu aliyekwisha kufariki.

Hili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Hati nyingi za ardhi hukaa miaka na mikaka kwa jina la baba au babu aliyelala kaburini, ilhali walio hai wanalima, wanapangisha na hata kuuza. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, hairuhusu mtu kuiuza mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini na mahakama. Anayefanya hivyo atenda kosa la jinai. Mjane, hata akiwa ndiye aliyebeba maji ya kukandia saruji, hawezi kuipitisha nyumba kwa mwingine mpaka apate barua ya chifu inayowataja warithi wote, ombi lake litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kupokea pingamizi zipite, apewe usimamizi wa mirathi, kisha kwa kawaida apitishe miezi 6 kabla ya usimamizi huo kuthibitishwa. Baada ya hapo ndipo huja vyeti vya kutodaiwa na kaunti, na ushuru wa stempu ambao mnunuzi wa mjini hulipa asilimia 4 ya thamani na wa mashambani asilimia 2. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi wa Januari 2023, ingawa mtu anayeuza makao aliyoishi mfululizo miaka 3 kabla ya kuyauza husamehewa.

Wapo wanaoziita taratibu hizi usumbufu. Lakini hata hati yenyewe haimlindi mnunuzi asiyechunguza. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, iliamua kwamba hati haitoshi kuwa kinga ikiwa namna ardhi hiyo ilivyotolewa mwanzo haikuwa halali. Mnunuzi hana budi kuifuata hati mpaka kwenye mizizi yake. Kwa wasomaji wa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ambamo unyakuzi wa ardhi ni dhamira mojawapo kuu, uamuzi huo si wa kushangaza. Fasihi ya Kiswahili imemchora mnyakuzi mara nyingi na kwa ustadi. Asiyechorwa sana ni muuzaji wa kawaida, ambaye hakunyakua chochote na bado hajui kama ana haki ya kuuza.

Barua ya chifu ilihitaji warithi wote waseme neno moja, na kwa hivyo ukaitishwa mkutano wa jamaa barazani pa nyumba ileile. Watoto waliafikiana bila kelele. Aliyepinga ni ndugu wa marehemu, mzee aliyesafiri kutoka Karachuonyo akiwa na fimbo yake na msimamo wake.

"Mji wa ndugu yangu hauuzwi," alisema.

Mwalimu alimjibu kwa upole. "Shemeji, mji wa ndugu yako uko Karachuonyo, na mwenyewe yuko huko. Hii ni nyumba."

Mzee alifikiri kitambo, akauliza kama chai ipo.

Mtu asiyejua Kijaluo atadhani mzee alishindwa hoja kwa ajili ya heshima. La hasha. Alishindwa kwa sababu ya maana. Kijaluo hutenganisha kwa uwazi ot na dala. Ot ni nyumba, jengo lenye kuta na paa. Dala ni boma, mahali palipoanzishwa kwa utaratibu maalumu uitwao goyo ligala, ambapo mwenye boma huenda na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Nyumba nzuri kiasi gani isiyoanzishwa hivyo hubaki ot. Mtu anaweza kuwa na ot mjini, akaipangisha, akaiuza, akanunua nyingine. Dala ina makaburi. Na penye kaburi la mzazi, bei huwa neno la aibu.

Tofauti hii iliwahi kuitikisa nchi nzima. Mwezi wa Desemba 1986 alifariki wakili S. M. Otieno wa Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikotoka. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani, iliyotoa hukumu Mei 1987 na kuupa ukoo haki ya kumzika. Watu huikumbuka kesi hiyo kama mvutano wa mila na sheria, au wa mke na ukoo. Ilikuwa pia kesi ya msamiati: je, mtu aliyejenga na kuishi kwingine amepata nyumbani kwingine, au amepata nyumba tu? Majaji na mawakili walijadiliana kwa Kiingereza juu ya jambo ambalo Kijaluo kilikuwa kimelipa maneno mawili mbalimbali.

Nacho Kiswahili je? Kwa haraka mtu anaweza kusema kwamba Kiswahili kina neno moja tu, nyumba, na ndiyo maana mabishano haya hayaishi. Kauli hiyo ni ya pupa. Kiswahili kina boma, kiambo, kaya, makao, maskani na makazi. Zaidi ya hayo, kina kiambishi kidogo ambacho wanafunzi hukikariri bila kukistahi: -ni. Nyumba ni kitu, nayo imo katika ngeli ya I-ZI. Huweza kujengwa, kupakwa rangi, kuwekwa rehani na kuuzwa. Itiwe -ni, papo hapo huhama ngeli, ikawa mahali. Nyumbani ni kwake, nyumbani ni hapa, nyumbani mna watu. Mtu husema ameiuza nyumba. Hasemi amekuuza nyumbani, na akisema hivyo, sikio hukataa kabla ya akili kueleza sababu. Sarufi imeweka mpaka pale pale ambapo mzee na shemeji yake waliuweka: nyumba huuzwa, nyumbani hakuuzwi. Wala hakununuliwi. Mwuguzi aliyekuja na mkopo wake alikuwa anatafuta nyumbani kwa wanawe, lakini sokoni angeweza kupata nyumba tu; sehemu iliyobaki angelazimika kuitia mwenyewe, kwa miaka.

Mapema mwaka wa 2024, huku mirathi ikiendelea mahakamani, wakili aliandaa rasimu ya mkataba ili ikae tayari. Kwa desturi ya mikataba hii, mnunuzi angelipa asilimia 10 siku ya kutia saini na kukamilisha katika siku 90. Na kwa kuwa muuzaji hakuwa na idhini bado, ilikubaliwa kwamba hakuna shilingi itakayotoka wala saini itakayowekwa kabla ya mahakama kumaliza. Rasimu ilikuwa ya kurasa nyingi, zote kwa Kiingereza. Mzee wa Karachuonyo, aliyetarajiwa kuwa shahidi, hakuisoma lugha hiyo. Mwalimu akaivaa miwani yake, akaanza kuifasiri kwa sauti, Kiswahili kwa ajili ya mwuguzi, aliyezaliwa mbali na ziwa, na Kijaluo kwa ajili ya shemeji.

Hapo jambo moja likajitokeza ambalo hakuna aliyekuwa amelitambua. Kwa miezi yote ile ya mazungumzo watu wote walikuwa wakisema nyumba. Katika rasimu, nyumba haikuonekana. Palikuwa na nambari ya kipande cha ardhi, ukubwa wake kwa vipimo vya hekta, na maneno ya jumla yanayokusanya kila kilicho juu yake. Hati za ardhi ndivyo zilivyo: hazina chumba, hazina dirisha, hazina baraza. Sheria huiuza ardhi, na kilichojengwa au kupandwa juu yake hufuata kama mkia.

"Na mwembe?" mzee aliuliza.

Mwembe nao ulikuwamo, ingawa haukutajwa. Mwalimu, aliyeupanda mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake, aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Mwuguzi akasema kwamba maembe ya msimu ujao yatakuwa ya Mwalimu, na kwamba neno hilo liandikwe. Wakili baadaye alicheka, lakini aliliandika.

Kisa hiki cha mwembe ni kidogo, ila kinaonyesha kiini cha tatizo. Katika mauzo mamoja kulikuwa na vitu vitano vilivyokuwa vikiuzwa. Dalali alikuwa akiuza mandhari. Karatasi ilikuwa ikiuza nambari. Mzee aliogopa kwamba kunauzwa mji. Mwalimu aliuza nyumba. Mwuguzi alitumaini kununua nyumbani. Kila mmoja alitumia lugha yake, akadhani wengine wamemwelewa. Laiti wasingeketi wakaisoma rasimu ile kwa lugha wanazozijua, wangetia saini jambo ambalo kila mtu angelieleza kwa namna yake mbele ya hakimu.

Bado palikuwa na mwenye ardhi mwingine ambaye hakualikwa barazani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inayahesabu maziwa na mito yote kuwa ardhi ya umma. Jambo hilo ni jema na ni la haki. Lakini ziwa si ukuta. Huenda mbele, hurudi nyuma, na mpaka kati ya mali ya umma na mali ya mtu huhama pamoja na maji. Mpima ardhi hupigilia vigingi vyake katika mwaka wa ukame. Maji hayajasoma ramani. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mvua kubwa, Ziwa Viktoria liliipita hata rekodi ya 2020. Uani pa Mwalimu maji yaliupita ule mstari wa tope kwa kadiri ya shubiri moja, yakalala ndani ya jiko la nje siku nyingi, yakaugusa msingi wa nyumba kubwa.

Mwuguzi alikuja akatazama. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

"Mwalimu, nina watoto wawili na mkopo mmoja."

"Najua, Sista."

"Ningekuwa nimetoa asilimia kumi, leo ningekuwa nalia hapa."

"Ungelia, nami ningelia nawe, lakini pesa zako ningekuwa nazo mimi. Nenda ukatafute mlimani."

Hivyo mauzo yakavunjika. Hakuna aliyeshtaki, hakuna aliyedai, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimelipwa wala kufichwa. Baadaye mwuguzi alinunua kiwanja kisicho na mandhari yoyote upande wa Asego, akaanza kujenga polepole, chumba baada ya chumba. Maembe ya msimu ule yalibaki ya Mwalimu, kama ilivyopasa.

Lakini isidhaniwe kwamba uaminifu ulilipwa papo kwa papo. Mwana wa kwanza alimwambia mamake kwa simu, kwa maneno makali, kwamba ndoo moja ya rangi ingaliwapa fedha zao mwaka mzima kabla ya mafuriko. Kwa hesabu, ujanja ule ungeliweza kufaulu. Gharama za mirathi zilikwisha kutoka, na nyumba sasa ni vigumu kuuzika kwa bei yoyote ya maana. Wapo mjini wanaosema Mwalimu hakujua kuuza. Hawana makosa kamili. Mtu aliyeuona mstari na kuuonyesha amebaki na nyumba inayonyemelewa na maji. Lau angeuficha, mwenye watoto wawili na mkopo mmoja ndiye angebaki nayo. Hapana njia ya tatu iliyokuwapo. Hasara ilikuwa imekwisha kuingia kupitia uani, na kilichobaki kuamuliwa ni nani ataibeba. Swali hilo ndilo lililo chini ya kila soko la nyumba kando ya ziwa linalopanda, na hakuna hati wala hakimu anayelijibu kabla ya muuzaji mwenyewe.

Wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali mkulima, mvuvi na mjane huendelea kutia kidole cha wino chini ya kurasa wasizoweza kuzisoma. Haifai kusingizia uhaba wa istilahi. Lugha iliyofanya biashara pwani kwa karne nyingi ina rehani, dhamana, rubuni, mirathi na wasia. Ina hata wakfu, neno la mali iliyotengwa kwa ajili ya ibada au hisani, ambayo haiuzwi wala hairithiwi. Haiuzwi hiyo ina mtendaji na ina sababu, haihitaji kuandikwa kwa rangi ukutani. Kinachokosekana ni kazi ya kuyakusanya maneno hayo na kuyapanga katika mkataba wa mauzo ulio wazi, unaosema nyumba pale watu wanapomaanisha nyumba, unaoutaja mwembe, na wenye nafasi ambayo muuzaji ataandika maji yalifika wapi na mwaka gani.

Kazi hiyo ni ya watu wanaojifunza tafsiri, isimu na fasihi katika vyuo hivi hivi. Wengi wao wana shangazi, mjomba au mama ambaye siku moja ataletewa kurasa za Kiingereza na kalamu. Itakuwa vyema siku hiyo pawepo mtu wa kumsomea polepole, neno kwa neno, na kumngoja pale atakapouliza.